UZI: Mishipa ya damu ya plasenta, tuitazame vizuri kabla haijaenda shimoni

MAMA MKUNGA, BUKAVU

Jambo wote. Mtoto akishatoka na kulia, kila mtu chumbani anamgeukia yeye, na ni haki yake. Plasenta inafuata muda mfupi baadaye, inatiwa kwenye beseni, mtu anaigeuza mara moja kuona kama imetimia, halafu inapelekwa shimoni. Nafundisha wanafunzi wa ukunga hapa Bukavu, na kila kundi linalokuja staji naliambia jambo moja: mishipa ya damu inayoonekana juu ya plasenta inaweza kukuonyesha kwamba kuna kipande kimebaki ndani ya mama, kabla hajaanza kutoka damu. Nafungua uzi huu nieleze mishipa hiyo imejengwa vipi na tuitafute wapi. Wenye maswali karibuni, nitajibu nikitoka zamu.

Nianze na kinachoonekana kwa macho. Plasenta ya mimba iliyotimia ni duara la sentimita 20 hadi 22, unene wake katikati ni sentimita 2 na kitu, uzito karibu gramu 500. Upande wa mama ni mwekundu wa kuiva, umegawanyika vipande vipande tunavyoviita kotiledoni, 10 hadi 40. Upande wa mtoto unang'aa, una rangi ya kijivu inayokaribia buluu, maana umefunikwa na utando wa amnioni. Chini ya utando huo ndipo mishipa mikubwa inapotambaa.

Shika kamba ya kitovu kwanza. Ikate upya, mbali kidogo na pale pensi ilipobana, futa damu kwa kompresi, kisha tazama mkato. Utaona matundu matatu ndani ya ute mzito mweupe. Ute huo ni jeli ya Wharton, jina la daktari Mwingereza Thomas Wharton wa karne ya 17. Tundu kubwa lenye ukuta mwembamba, limelegea, ni vena. Mawili madogo yenye ukuta mnene, yamejikaza, mara nyingine yanachomoza kidogo nje ya mkato, ni ateri. Yahesabu kila mara, hata kama umechoka. Katika mimba chache, kati ya nusu na moja kwa kila 100, unakuta ateri moja tu. Hapo umwambie munganga wa watoto, kwa sababu baadhi ya watoto hao huwa na kasoro ya moyo au ya figo. Wengi wao ni wazima kabisa, kwa hiyo mama asitishwe.

Wanafunzi wengi hujikwaa hapa: ndani ya kamba hii, vena ndiyo inayobeba damu yenye oksijeni, na oksijeni hiyo inampelekea mtoto. Ateri mbili, zinazotoka kwenye ateri za nyonga za mtoto mwenyewe, zinarudisha kwenye plasenta damu iliyokwisha kutumika. Mshipa unaotoka moyoni ni ateri, unaorudi moyoni ni vena, basi. Na moyo tunaousema ni wa mtoto.

Kamba ina urefu wa sentimita 50 hadi 60 na imejisokota, mara nyingi kuelekea kushoto, msokoto mmoja kila sentimita 5 hivi. Msokoto na ile jeli ndivyo vinavyoilinda mishipa isibanwe mtoto akijigeuza. Jambo lingine linalonishangaza kila mwaka ninapolifundisha: mishipa ya plasenta haina neva. Inapanuka na kujikaza kwa kufuata oksijeni na kemikali zilizomo ndani ya damu na ndani ya kuta zake tu.

Sasa fuata kamba mpaka inapoingia. Kabla tu ya ateri mbili kuachana, kwa kawaida sentimita 3 za mwisho, zinaunganika kwa mshipa mfupi. Ulielezwa na Josef Hyrtl, mwanatomia wa Austria wa karne ya 19, na tunauita anastomosi ya Hyrtl. Karibu plasenta zote zinao. Kazi yake ni kusawazisha presha: kila ateri inahudumia sehemu yake ya plasenta, na sehemu moja ikibanwa, damu inapata njia ya upande wa pili.

Kutoka hapo ateri zinatawanyika zikigawanyika, na kila moja inaandamana na vena. Ukitaka kujua ipi ni ipi bila kukata, angalia zinapopishana: ateri hupita juu, vena hupita chini. Ni kanuni ambayo mara chache inavunjwa. Kila tawi likifika mahali pake linazama ndani, na kotiledoni iliyo chini yake ndiyo linayoilisha.

MWANAFUNZI WA KADUTU

Aksanti sana mama. Mimi swali langu ni la watu wa nyumbani. Mama yangu mkubwa anasema mtoto tumboni anakunywa damu ya mama yake, ndiyo sababu mama anaishiwa damu. Je, damu zinachanganyika ama hapana?

MAMA MKUNGA, BUKAVU

Hapana mwanangu, hazichanganyiki. Mpe mama mkubwa heshima yake, kwa maana jambo analoliona ni kweli: mama mjamzito anapungukiwa damu, mtoto anachukua chuma kingi kutoka kwake, na ndiyo maana CPN, kliniki ya wajawazito, inampa vidonge vya chuma. Lakini damu yenyewe kila mmoja anaitengeneza yake. Katikati ya karne ya 18, London, ndugu wawili William na John Hunter walijaza nta ya rangi ndani ya mishipa ya mama waliokufa na mimba. Nta iliyoingizwa kwa mama ilijaza nafasi za plasenta, lakini haikuingia kwenye mishipa ya mtoto. Hapo ndipo ilipokubalika kwamba mizunguko ni miwili.

Zinakutana vipi basi bila kuchanganyika? Mishipa ya mtoto ikishazama, inaingia ndani ya matawi laini yanayoitwa vilozite. Shina linagawanyika kuwa matawi, matawi yanakuwa vitawi, mpaka vilozite vya mwisho kabisa ambavyo ni vidogo sana. Ndani ya hivyo vya mwisho kapilari za mtoto, yaani mishipa yake midogo kabisa ya damu, zinapanuka na kusukumwa ukutani kabisa. Kuta hizo zinaoshwa na damu ya mama moja kwa moja, kwa sababu upande wa mama hakuna kapilari: damu yake inamwagika kwenye nafasi iliyo wazi kati ya vilozite, inazunguka, inarudi kwa vena za uterasi. Mimba ikitimia, damu ya mama na ya mtoto zinatenganishwa na ukuta mwembamba sana, ukigawanya milimita moja mara elfu unene wake ni sehemu kama 2 hadi 4 tu, na ukitandaza uso wa vilozite vyote unapata mita za mraba 10 mpaka 14. Oksijeni inapita, sukari inapita, kingamwili za mama zinapita. Hemoglobini ya mtoto nayo ni ya aina nyingine, inaishika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama, ndiyo maana inaweza kuivuta.

Matone machache ya damu ya mtoto huvuja kwenda kwa mama, hasa wakati wa kuzaa. Kwa mama ambaye kundi lake la damu ni la Rhesus hasi aliyebeba mtoto wa Rhesus chanya, matone hayo yanatosha kuuamsha mwili wake utengeneze kingamwili zitakazomshambulia mtoto wa mimba inayofuata. Sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kuzaa inazuia hilo. Kila mama ajue kundi lake la damu tangu CPN ya kwanza.

MWANAFUNZI WA KADUTU

Na damu ya mama inaingia kwa mshipa gani?

MAMA MKUNGA, BUKAVU

Hapo umefika kwenye sehemu ambayo kwangu ni ya maana kuliko zote.

Ukuta wa uterasi una ateri ndogo zilizojisokota, tunaziita ateri za spirali. Kabla ya mimba ni nyembamba, zina msuli, zinaweza kujikaza. Mimba ikishika, seli za mtoto zinazoitwa trofoblasti zinatoka kwenye plasenta changa, zinaingia ndani ya ukuta wa mama, zinazifuata ateri hizo na kuzijenga upya. Msuli unaondolewa, mahali pake panajaa kitu laini kisichojikaza, na mdomo wa ateri unapanuka mara kadhaa kuliko ulivyokuwa. Mwili wa mama unakubali seli za mtu mwingine zivunje na kujenga mishipa yake. Sioni popote pengine katika mwili wa mtu mzima panapotokea jambo kama hilo.

Kwa wiki 10 za kwanza hivi, trofoblasti hizo hizo zinaziba midomo ya ateri, na kiinitete kinakua kwenye oksijeni kidogo, jambo linalokifaa wakati viungo vinaumbwa. Baada ya hapo vizibo vinafunguka taratibu, damu ya mama inaanza kuingia kwa wingi. Mwisho wa mimba, uterasi inapokea karibu mililita 600 hadi 750 za damu kila dakika. Ndiyo maana damu ya baada ya kuzaa inaua haraka vile.

Kwa nini mdomo upanuke? Wengi wanadhani ni ili damu nyingi ipite. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni mwendo. Mnajua robine ya avenyu: ukiiacha wazi maji yanateremka polepole, ukiibana kwa kidole gumba yanaruka na kuchimba udongo. Ateri iliyopanuka inaimwaga damu kwa mwendo wa kama sentimita 10 kwa sekunde, vilozite vinaoshwa bila kuumia. Ateri iliyobaki nyembamba inaitoa kwa mwendo unaopita mita 1 kwa sekunde, kwa vishindo, na vilozite vinachanika na kujaa damu iliyoganda. Tena kwa kuwa msuli umebaki, ateri inajikaza na kulegea, oksijeni inakatika na kurudi, na plasenta inaumia. Plasenta iliyoumia inamwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoharibu kuta za mishipa yake mwilini mzima. Presha inapanda, figo zinapitisha protini, kichwa kinauma, macho yanaona nyota. Hiyo ni preeklampsia. Mwaka 1967 Robertson, Brosens na Dixon walieleza hali ya ateri hizo kwa mama wenye presha ya mimba, na tangu wakati ule tunajua kwamba ugonjwa unaoonekana mwezi wa saba au wa nane mzizi wake ni kazi ambayo haikukamilika katika nusu ya kwanza ya mimba.

Kwa hiyo mama akiambiwa na majirani kwamba presha imempanda kwa sababu ya mawazo au chumvi, mweleze kwa upole kwamba si kosa lake. Na CPN isikose kumpima presha hata kama anajisikia vizuri.

FUNDI EKOGRAFI, GOMA

Mama, heshima yako. Naongeza kidogo. Kile mnachokitazama kwenye beseni, sisi tunakisikiliza kabla, kwa Doppler, kipimo cha ekografi kinachoonyesha mwendo wa damu. Kwenye ateri ya kitovu tunaangalia damu inavyokwenda wakati moyo wa mtoto unapumzika kati ya pigo na pigo. Vilozite vikiwa na kapilari nyingi zilizo wazi, damu inaendelea kwenda mbele hata wakati huo. Kapilari zikiwa chache au zimeziba, mwendo unapungua, unakatika, na ikizidi damu inarudi nyuma. Ikirudi nyuma hatungoji, mama anapelekwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba mama wengi wanakuja ekografi mara moja tu, kujua kama ni mvulana au msichana.

Halafu nikuulize: huku Goma tuko juu, karibu mita 1,500, na Bukavu ni vile vile. Mwinuko unabadilisha plasenta? (Kuhusu shimo la plasenta, huku kulichimba ni kupasua mawe ya volkeno, nawaonea huruma wafanyakazi wa materniti zetu.)

MAMA MKUNGA, BUKAVU

Aksanti kaka, nyongeza nzuri, na hilo la kuja mara moja tulipigie kelele sote.

Mwinuko unabadilisha, ndiyo. Utafiti wa Jensen na Moore wa mwaka 1997, uliofanywa Colorado, Marekani, ulionyesha uzito wa kuzaliwa ukishuka kwa kama gramu 100 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Plasenta za mama wa milima mirefu, kama kule La Paz, Bolivia, iliyo juu ya mita 3,600, zina kapilari zilizotanuka zaidi ndani ya vilozite, na ukuta kati ya damu mbili unakuwa mwembamba zaidi. Plasenta inajitahidi kuvuta oksijeni iliyopungua. Na watu ambao vizazi vyao vimeishi juu kwa maelfu ya miaka, wa Andes na wa Tibet, watoto wao hawapungukiwi uzito sana kama wa wageni waliohamia huko. Mita 1,500 zetu si mlima wa namna hiyo. Mtoto wa Goma akizaliwa na kilo 2 usikimbilie kuulaumu mwinuko. Tafuta malaria, presha na lishe kwanza.

BABA MAPACHA, LUBUMBASHI

Jambo mama. Miye naandika toka Lubumbashi. Bibi yangu alizaa mapacha, Mbuyi na Kabanga, wavulana wote. Mmoja alikuwa mnene na mwekundu sana, mwenziye mdogo na amepauka. Munganga alisema plasenta ilikuwa moja. Wote wako hai, Mungu asifiwe. Lakini katika familia kuna maneno, wanasema mmoja alimnyonya ndugu yake tumboni, na wanamtazama vibaya. Naomba maelezo nipate cha kuwajibu.

MAMA MKUNGA, BUKAVU

Pole baba, na hongera kwa wana. Hawa wawili hawakugombana. Wajibu hivi.

Mapacha wanaofanana wakitumia plasenta moja yenye korioni moja (korioni ni utando wa nje unaozunguka mimba), karibu kila mara mishipa yao inaunganika. Juu ya plasenta unaona ateri ya mmoja imekutana na ateri ya mwingine, hizo hazina shida kubwa kwa maana damu inakwenda pande zote mbili. Shida iko ndani: kuna kotiledoni ambayo inaletewa damu na ateri ya pacha mmoja, lakini vena inayoitoa ni ya pacha wa pili. Kila pigo la moyo, mmoja anatoa na mwingine anapokea, bila njia ya kurudisha. Njia hizo zikisawazika hakuna anayejua. Zisiposawazika, mmoja anabaki na damu pungufu na mwingine anazidiwa. Aliyezidiwa naye anaumia, moyo wake unalemewa. Kwa hiyo yule mnene hakuiba kitu, alikuwa hatarini kama ndugu yake.

Katika mimba za korioni moja, 10 mpaka 15 kwa kila 100 wanapata hali ile nzito ya kupitishiana damu. Kuna nchi ambako wataalamu wanaingiza kamera nyembamba ndani ya uterasi na kuchoma njia hizo kwa leza, damu ya mmoja inatenganishwa na ya mwenziye huku mimba inaendelea. Kwetu kilicho mikononi mwetu ni kugundua mapema: ekografi ya miezi mitatu ya kwanza iseme korioni ni moja au mbili, na ikiwa ni moja, kuanzia wiki ya 16 mama aonwe kila wiki mbili.

Wanafunzi, njia hizo mnaweza kuziona wenyewe. Chukua plasenta mbichi ya mapacha, toa amnioni juu yake, kamua taratibu damu iliyoganda kuelekea kwenye kamba, kisha tia katita, yaani mrija mwembamba, ndani ya ateri moja karibu na mpaka na uingize maziwa yaliyotiwa maji kwa sirinji, polepole. Utayaona yanatembea meupe ndani ya mshipa, yanazama kwenye kotiledoni, na yanaibukia kwenye vena ya pacha wa pili. Ukishayaona mara moja huhitaji tena kukariri.

MUUGUZI WA KALEHE

Mama, kituo chetu hakina ekografi wala Doppler. Tuambie tunachoweza kufanya na beseni na taa.

MAMA MKUNGA, BUKAVU

Dada, mnaweza mengi, na uzi huu niliufungua kwa ajili ya vituo kama chenu.

Tandaza plasenta upande wa mtoto ukiwa juu. Fuata mishipa kutoka kwenye kamba mpaka ukingoni, pande zote, kwa kidole. Mshipa wa kawaida unazama kabla ya kufika ukingoni. Ukiona mshipa unaopita ukingo na kuingia kwenye utando, simama hapo. Ufuate. Ukifika kwenye kipande kidogo cha plasenta kilicho peke yake, hiyo ni kotiledoni ya ziada na imetoka, vema. Lakini ukifika mahali utando umechanika na mshipa umekatika, kipande kile kiko bado ndani ya mama. Upande wa mama unaweza kuonekana mzima kabisa, bila pengo hata moja, na bado kipande kikawa kimebaki. Mama huyo asitoke chumba cha kuzalia. Awekewe sindano ya mshipa mkononi, oksitosini, dawa ya kukaza uterasi, iwe tayari, munganga aitwe, uterasi ichunguzwe. Ukingoja mpaka damu ianze, umechelewa.

Pili, angalia kamba imeingia wapi. Katikati au kando kidogo ni kawaida. Katika kama mimba 1 kwa 100 kamba inajishikiza kwenye utando wenyewe, na mishipa inatembea uchi, bila jeli, mpaka kwenye plasenta. Mishipa hiyo ikipita mbele ya mlango wa uzazi, chupa ya uzazi ikipasuka nayo inaweza kupasuka. Damu inayotoka hapo ni ya mtoto, na mtoto aliyetimia ana mililita 250 hadi 300 tu mwilini mwake, hata hazijazi chupa ndogo ya maji. Kwa hiyo damu ikitoka wakati ule ule chupa inapopasuka, usiseme ni kidogo. Sikiliza moyo wa mtoto papo hapo, na ukibadilika mtoto atolewe kwa upasuaji bila kukawia.

Na malaria, kwa kuwa wagonjwa wenu wengine wanashuka kufanya kazi uwanda wa Ruzizi: chembe nyekundu za damu zenye vijidudu vya falsiparamu hunata kwenye uso wa vilozite, katika ile nafasi ya damu ya mama. Kipimo cha kidole kinaweza kutoa hasi huku plasenta imejaa. Mama wa mimba ya kwanza wanaumia zaidi kwa sababu mwili wao haujawahi kukutana na kijidudu cha aina hiyo inayonata. SP, dawa ya kuzuia malaria inayotolewa CPN, kuanzia mwezi wa nne, kila baada ya mwezi, inamlinda. Chandarua pia.

MUUGUZI WA KALEHE

Nimeelewa mama. Na tukikuta kitu kisicho cha kawaida, tuipeleke wapi na vipi?

MAMA MKUNGA, BUKAVU

Mwulize mama kwanza, maana ni yake, na familia nyingi zina desturi yao ya kuizika. Akikubali, ipige picha upande wa mtoto na upande wa mama, na rula pembeni. Andika uzito baada ya kukata kamba na utando, andika idadi ya mishipa ndani ya kamba na umbali wa kamba kutoka ukingoni. Ikienda maabara siku hiyo hiyo, iwe kwenye chombo kilichofungwa, mahali pa baridi, lakini isigeuke barafu. Ikichelewa, itie kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi, ya asilimia 10 iliyo nyingi mara kadhaa kuliko plasenta yenyewe. Karatasi ya maelezo ya mimba iambatane nayo, na nakala ya karatasi hiyo ibaki kwenye kadi ya mama kwa ajili ya mimba inayofuata.